Kishikwambi si Kungwi

"Cjaona cku zangu mwez wa 2 sasa na cjawai lala na m2. Ttzo ni nn?" Chukulia ujumbe wa namna hiyo, umeandikwa na msichana wa kidato cha pili kwa simu aliyoiazima kwa dada yake. Ni maneno kumi na matano tu, lakini ukiyasoma polepole yana mengi. Mwandishi hakutaja jina. Ameandika kwa Kiswahili cha simu, si cha kitabu cha Baiolojia. Hedhi kwake ni "siku zangu". Anauliza jambo ambalo kitabu hakimsaidii, kwa sababu kitabu kinachora mzunguko wa siku 28 kana kwamba kila mwili umeapa kuufuata. Na amejitetea kabla hajashtakiwa: hajawahi kulala na mtu. Utetezi huo ndio unaoeleza kwa nini hakumwendea mwalimu. Mwalimu angeweza kumjibu kwa sentensi tatu: kwamba miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko huyumba, kwamba njaa, ugonjwa au mawazo mengi huweza kuuchelewesha, na kwamba mwezi wa tatu ukipita bila kitu aende kituo cha afya. Lakini kwa msichana huyu kuuliza kwenyewe kunafanana na kukiri kosa, na anayeulizwa ndiye huyo huyo anayeshika fimbo, anayejaza ripoti ya tabia na anayekunywa chai na mama yake mdogo.

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, Afrika Mashariki imejaribu kuyapeleka maswali ya aina hii kwenye mashine: kompyuta za shule, ujumbe mfupi wa simu, vishikwambi, programu za simu, na siku hizi mashine zinazojibu kama binadamu. Kila chombo kipya huja na ahadi kwamba safari hii vijana watapona mimba za utotoni na Virusi vya UKIMWI. Ushahidi uliokwisha kukusanywa unatosha kuipima ahadi hiyo, na hukumu yake si ya kuikataa teknolojia wala ya kuishangilia. Teknolojia inafaa sana inapopewa kazi mbili: kutunza siri ya anayeuliza, na kulinda usahihi wa anachojibiwa. Kazi ya tatu, ya kugeuza maarifa kuwa mwenendo na afya, haiwezi kuifanya peke yake. Hiyo inataka mwalimu, wanafunzi wenzake na mhudumu wa afya. Mipango mingi imekwama kwa kukitwisha chombo kazi ya tatu, huku zile mbili kinachoziweza zikifanywa kwa nusu.

Ukubwa wa jambo lenyewe haubishaniwi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito, ukilinganisha na asilimia 27 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Kenya, katika utafiti wake wa mwaka huo huo wa 2022, ilikuwa na asilimia 15. Lakini wastani huo unaficha Samburu yenye asilimia 50 na Nyeri yenye asilimia 5. Serikali hazikukaa kimya. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Elimu ya Tanzania yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na Novemba 2021 nchi hiyo ikafungua tena milango ya shule kwa wasichana waliojifungua. Hatua hizo zinahusu yanayofuata baada ya mimba. Darasani, mambo yenyewe yametawanywa: viungo vya uzazi viko Baiolojia, maadili yako katika somo la uraia, stadi za maisha zimepachikwa hapa na pale. Kilichotawanywa hivyo hakina mwenyewe. Mwalimu aliyebanwa na silabasi, na anayejua kwamba mtihani wa taifa utauliza mchoro wa mji wa mimba wala hautauliza namna ya kumkatalia mtu mzima, huruka ukurasa bila dhamira mbaya. Wengine huruka kwa aibu, na wengine kwa sababu hawakufundishwa kulifundisha.

Si kweli kwamba jamii zetu hazikuwa na namna ya kuyasema haya. Unyago na jando vilikuwa na mtaala wake, na kungwi au somo alikuwa mwalimu wake. Uganda ya Kati mtoto wa kike alipelekwa kwa senga, yaani shangazi wa upande wa baba. Ukichunguza kazi ya watu hao utaona mambo matatu yaliyofanya ifae. Mwalimu hakuwa mzazi, kwa hiyo aibu iliyopo baina ya mzazi na mwana haikuziba mdomo. Mafunzo yalitolewa faraghani, na yaliyosemwa ndani hayakutoka nje. Tena mwalimu huyo hakutoweka baada ya somo. Aliendelea kuwa mtu wa kuendewa mpaka arusini na hata mpaka uzazini. Makungwi hawakuwa malaika. Mahali pengi mafunzo yao yalimwandaa mtoto kwa ndoa kabla mwili wake haujakomaa, na yalimfundisha kumridhisha mume kuliko kujilinda. Hata hivyo muundo wao ni kipimo kizuri kwa chombo chochote cha leo: je, kinaondoa aibu, kinatunza siri, na kesho kitakuwapo? Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio la CyberSenga, mpango wa intaneti wa kuzuia maambukizi ya VVU uliotengenezwa kwa wanafunzi wa sekondari wa Mbarara, na jina lake linaonyesha kwamba waliobuni waliuelewa ukoo wa kazi yao. Wanafunzi 366 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kwa jumla hapakupatikana tofauti ya wazi ya mwenendo baina ya waliopitia mpango na wasioupitia. Dalili njema zilionekana zaidi kwa wale walioongezewa somo la kukumbushwa baada ya miezi kadhaa. Senga wa mtandao aliweza somo. Kurudi tena na tena kumwona mwari ndiko kulikomshinda.

Kabla ya kuilaumu mashine ni haki kuuliza darasa lisilo na mashine lilifanya nini. Jibu zito kuliko yote linatoka Mwanza. Mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, uliingia katika shule za msingi 62 na vituo vya afya 18. Wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa na walimu waliopewa mafunzo, wakisaidiwa na vijana wenzao. Wahudumu wa afya walifundwa namna ya kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Kondomu zilisambazwa vijijini. Jamii 20 ziligawanywa kwa kura, nusu zikapata mpango na nusu zikasubiri, kisha maelfu ya vijana wakapimwa damu badala ya kuulizwa tu. Maarifa yalipanda na mitazamo ikabadilika, lakini VVU na magonjwa mengine ya zinaa hayakupungua kwa namna inayothibitika. Watafiti waliporudi mwaka 2007 na 2008 na kupima zaidi ya vijana elfu kumi na tatu, waliwakuta bado wana maarifa waliyofunzwa utotoni, na maambukizi bado hayakuwa yamepungua. Matokeo haya yanauma, lakini yana manufaa. Yanatuonyesha kwamba pengo kubwa haliko baina ya kutojua na kujua. Liko baina ya kujua na kuweza. Msichana anayejua kila kitu kuhusu kondomu, na ambaye nauli ya shule anaipata kwa dereva wa bodaboda, hakukosa somo.

Tukiyaweka hayo akilini, ushahidi wa simu unasomeka vizuri zaidi. Huduma ya m4RH ya shirika la FHI 360 ilianza Kenya na Tanzania mwaka 2010. Mtu alituma ujumbe mfupi kwa namba maalumu akapata maelezo ya njia za uzazi wa mpango kwa simu yoyote ya kawaida, bila intaneti. Ilipopimwa nchini Kenya kwa jaribio la bahati nasibu, waliopata huduma kamili walijibu maswali ya maarifa vizuri kuliko wenzao, ila matumizi ya njia zenyewe hayakuonekana kubadilika. Ghana ilitupa tofauti yenye kufundisha zaidi. Mjini Accra, wasichana 756 wa shule 38 waligawanywa makundi: kundi moja lilipokea ujumbe wa afya ya uzazi kila wiki, kundi jingine lilipokea chemshabongo ya kujibu na kupewa salio la simu kwa jibu sahihi, na kundi la tatu ujumbe wa mambo mengine. Baada ya miezi mitatu, waliopokea ujumbe tu walikuwa mbele ya kundi la ulinganisho kwa pointi 11 za asilimia katika maarifa, na waliotakiwa kujibu walikuwa mbele kwa pointi 24. Kwa wale waliokwisha kuanza ngono, makundi yote mawili yaliyofundishwa yaliripoti mimba chache zaidi. Chombo ni kile kile, simu ile ile. Kilichozidisha faida ni kumlazimisha mwanafunzi afikiri na ajibu. Aliyezoea kufundisha kwa hadithi na vitendawili hashangai: anayetegewa kitendawili hukumbuka kuliko anayehubiriwa.

Kompyuta ya shule nayo ina ushahidi wake, na unatoka mbali na karibu. Colombia, shirika la Profamilia lilikuwa na kozi ya afya ya uzazi ya mtandaoni ambayo wanafunzi wa darasa la tisa waliifanya katika chumba cha kompyuta cha shule kwa muhula mmoja, huku mkufunzi wa mbali akijibu maswali yao bila kuwaona sura. Jaribio lilifanyika katika madarasa 138 ya shule 69, katika miji 21. Maarifa yalipanda. Watafiti waliona kwamba maneno ya vijana juu ya mwenendo wao hayatoshi kuaminiwa, wakawapa kuponi za kuchukulia kondomu ili wahesabu nani ataenda. Waliosoma kozi walizitumia zaidi kwa pointi 10 za asilimia. Jambo la kukumbuka ni hili: matokeo yalikuwa na nguvu zaidi pale ambapo marafiki wa mwanafunzi nao walisoma kozi ile ile. Kwa maneno mengine, somo lililotolewa kwa siri baina ya mtoto na kioo lilizaa matunda lilipotoka kwenye kioo na kuwa mazungumzo ya mapumziko. Uganda ilikwisha kuanza njia hiyo mwaka 2003 kwa mpango wa The World Starts With Me, masomo 14 ya kompyuta yenye wahusika vijana wanaozungumza na mwanafunzi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 iliona mabadiliko mema katika imani na nia za wanafunzi, kisha ikaongeza sharti: mengi ya mabadiliko hayo yalififia pale shule zilipofundisha nusu tu ya masomo. Umeme, muda na mwalimu mwenye moyo ndivyo vilivyoamua, wala si ubora wa katuni.

Ushahidi unaoyafunga haya yote pamoja unatoka magharibi ya Kenya, na teknolojia yake ilikuwa ya kawaida mno: televisheni, kanda ya video na chaki. Mwanauchumi Pascaline Dupas alifanya utafiti katika shule za msingi 328. Katika nusu ya shule hizo walimu walifundwa mtaala rasmi wa UKIMWI, uliosisitiza kusubiri mpaka ndoa. Mimba za utotoni hazikupungua kwa sababu ya mafunzo hayo. Katika shule 71 mgeni alikuja mara moja tu kwa wanafunzi wa darasa la nane. Aliwaonyesha filamu ya dakika kumi hivi kutoka mfululizo wa Sara uliotengenezwa na UNICEF, kuhusu msichana anayewindwa na mtu mzima. Kisha akaandika ubaoni viwango vya maambukizi ya VVU katika mji wa Kisumu kwa umri na kwa jinsia, wanafunzi wakaona kwa macho yao kwamba mwanamume wa miaka zaidi ya 25 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko mvulana wa rika lao. Ndani ya mwaka mmoja mimba katika shule hizo zilikuwa pungufu kwa asilimia 28, na zilizopungua hasa ni zile zilizotokana na wanaume wazima. Somo hilo lilikuwa fupi, ila lilisema jambo moja mahususi ambalo msichana hakulijua na ambalo angeweza kulifanyia kazi kesho yake. Tanzania nayo, mwishoni mwa miaka ya 2000, redio zilirusha vichekesho vya mwanamume mtu mzima anayewarubuni wanafunzi na kuumbuka kila mara. Jina lake, Fataki, liliingia mitaani, na mpaka leo mtu wa aina hiyo huitwa fataki. Redio ilimpa msichana neno la kumtaja anayemwinda, na shangazi sokoni akapata neno la kumkemea. Chombo kilichozeeka, kikibeba maneno sahihi, kimefanya kazi ambayo programu mpya yenye maneno ya jumla haiwezi.

Kutokana na hayo mtu anaweza kuchora mpango unaofaa kwa shule zetu jinsi zilivyo. Vifaa kwa sehemu fulani vipo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu wa Tanzania, na Kenya imesambaza vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi tangu mwaka 2016. Kishikwambi kimoja mkononi mwa mwalimu, chenye filamu fupi zilizopakiwa ndani yake ili bando lisihitajike, pamoja na spika ndogo, kinatosha kumwondolea kazi anayoionea aibu zaidi: kutamka kwa mara ya kwanza. Filamu ikishatamka uume, uke na hedhi, mwalimu hana tena wa kumcheka. Kazi yake ni kuongoza mjadala. Kisha maswali yakusanywe bila majina, kwa karatasi katika boksi lenye kufuli au kwa ujumbe unaoingia mahali pamoja kwa shule za wilaya nzima, na majibu yaandaliwe na mhudumu wa afya aliyehakikiwa, yarudi darasani wiki inayofuata yakiwa jibu kwa wote. Hapo siri ya muulizaji imelindwa, usahihi umelindwa, na darasa zima limefaidi swali ambalo kumi wengine walikuwa nalo. Mwisho wa kila kipindi kuwe na jina la kituo cha afya, siku na saa ambayo kijana atapokelewa bila kuulizwa anatafuta nini hapo. Vitu vitatu hivyo havihitaji mtambo wowote ambao haujavumbuliwa.

Pingamizi la kwanza, na lenye sauti kubwa kuliko yote, ni la maadili: kumfundisha mtoto mambo haya ni kumfungulia mlango, na kumpa kwa mashine ni kumfungulia madirisha pia. Uganda ilifika hatua ya kupiga marufuku elimu hiyo mwaka 2016, na mwongozo wa taifa uliofuata mwaka 2018 ulipingwa vikali na viongozi wa makanisa. Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa adabu. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa kwa ajili ya mwongozo wa kimataifa wa UNESCO wa mwaka 2018 hayakuona kwamba elimu hii inawaharakisha vijana kuanza ngono. Jaribio la Dupas la Kenya halina sifa tupu: baadhi ya wasichana walioacha wanaume wazima walielekea kwa wavulana wa rika lao badala ya kuacha kabisa. Mzazi ana haki ya kutolifurahia hilo, na mpango wa kweli haumfichi. Lakini anachokichagua si baina ya mtoto anayejua na mtoto asiyejua. Picha za ngono zimo katika simu za mtaa mzima, na mvulana wa miaka 13 huziona kabla hajamsikia mwalimu yeyote. Anayekaa kimya amemwachia mwalimu huyo wa picha darasa lote. Tena dini zetu hazikuwahi kunyamaza kiasi tunachodai. Katika madrasa za pwani mtoto anayesomeshwa Safina, kitabu cha fiqhi, hufundishwa alama za kubaleghe, hedhi, nifasi na janaba kwa majina yake, kwa sababu bila kuyajua ibada yake haitimii. Kama ustadhi anaweza kuyasema hayo mbele ya watoto na heshima yake ikabaki, mwalimu wa sekondari hawezi kushindwa kwa kisingizio cha utamaduni. Kinachotakiwa ni wazazi na viongozi hao kuziona filamu zenyewe kabla ya watoto, na maneno yake kuhakikiwa na taasisi za mitaala za hapa, ili isiwe bidhaa iliyofasiriwa harakaharaka kutoka mahali pengine.

Pingamizi la pili ni la usawa. Mwanafunzi wa bweni mara nyingi haruhusiwi simu, wa kijijini hana, na mwenye nayo huwa mvulana kuliko msichana. Samburu yenye asilimia 50 si mahali penye mtandao mzuri. Pingamizi hili ni la kweli, ndiyo maana mpango wowote unaomtaka kila mtoto awe na simu yake utawafikia kwanza wale wasiouhitaji sana. Lakini linaipinga simu ya mkononi, haliipingi teknolojia ndani ya shule. Shule ndipo mahali pekee ambapo mtoto wa maskini na wa tajiri hukalia dawati moja na kutazama kioo kimoja. Na hao walioacha shule kwa sababu ya mimba au umaskini, ambao ndio wenye haja kubwa zaidi, wana redio. Somo likitengenezwa kwa sauti tangu mwanzo linaweza kuwafuata huko.

La tatu ni siri yenyewe, ambayo nimeitaja kama kipaji cha mashine na ambayo yaweza kuwa mtego wake. Laini ya mtoto huwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi. Simu ni ya familia, na jibu kuhusu kondomu likiingia saa mbili usiku simu ikiwa mezani mbele ya baba, aliyeahidiwa faragha atalipa kwa fimbo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinazitambua taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria haizuii jicho la kaka, kwa hiyo ulinzi unapaswa kuanza katika ubunifu. Programu ya Oky ya UNICEF, ya kufuatilia hedhi, ilifanya vizuri kwa kuruhusu wasichana kadhaa kutumia simu moja, kila mmoja na neno lake la siri, bila kuhitaji intaneti kila mara. Kwa mashine zinazojibu kama binadamu tahadhari iwe mara mbili. Kijana hasemi kidonge cha dharura, husema P2. Kipandikizi kwake ni kijiti. Siku za kushika mimba huziita siku za hatari. Mashine iliyolelewa kwa lugha nyingine inaweza kumjibu kwa Kiswahili laini na kumpotosha bila kusita. Tena lipo swali ambalo mashine haina haki ya kulijibu yenyewe: la mtoto anayeeleza kwamba anabakwa. Mfumo usio na njia ya kulifikisha swali hilo kwa mtu, kama vile simu ya bure ya mtoto 116 iliyopo Tanzania na Kenya, haufai kuwekwa mbele ya watoto hata siku moja.

Limebaki pingamizi la fedha, na hili ni la watu wenye akili ya kuhesabu. Katika utafiti ule ule wa shule 328 za Kenya, kuwapa wanafunzi sare za shule bure, bila neno lolote la UKIMWI, kulipunguza mimba za wasichana kutoka asilimia 16 hadi 13 katika miaka mitatu, kwa sababu msichana alibaki shuleni. Kwa nini basi tununue vishikwambi badala ya kununua kitambaa? Ingekuwa lazima kuchagua kimoja, sare ingekuwa na hoja nzuri. Lakini gharama kubwa ya vifaa imekwisha kulipwa, vifaa vipo na vingine vinakaa makabatini. Kinachokosekana ni filamu chache zilizotengenezwa vizuri, mtu wa kujibu maswali na saa moja kwa wiki katika ratiba. Hayo ni ya bei ndogo. Pingamizi hili linabaki kuwa onyo muhimu kwa wafadhili na wizara: asiyeweza kumweka msichana darasani asijisifu kwa kile kilichomo ndani ya kishikwambi.

Turudi kwa yule aliyeandika "cjaona cku zangu". Sentensi tatu anazozihitaji zinaweza kuandikwa leo, kuhakikiwa na daktari mara moja, na kurudishwa kwake na kwa maelfu kama yeye kwa gharama ya ujumbe mfupi, bila mtu kumuuliza ni nani. Hiyo ni faida ambayo kungwi hakuwa nayo. Lakini sentensi ya tatu inamwambia aende kituo cha afya, na hapo mashine inafika mwisho wa njia yake. Anayetengeneza mpango kama huu angefaa kuanzia mwisho huo: aende kwanza kwenye zahanati iliyo karibu na shule, akae na muuguzi, wakubaliane siku ya juma ambayo msichana mwenye sare atapokelewa bila macho ya kumhukumu, kisha arudi kuandika ujumbe wenye jina la muuguzi huyo ndani yake.